Supleksi na magoti ya Kilatini

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Huku Mwanga, Kigoma, kila tukitoka kibanda umiza tunabishana kuhusu jina la supleksi, ule mrusho wa kinyumenyume kwenye mieleka. Kijana mmoja kasoma kwenye simu kwamba ni Kilatini, supplex, mtu anayepiga magoti kuomba huruma, eti kwa sababu anayerushwa keshashindwa. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Si kweli. Jina limetoka kwenye Kifaransa, souplesse, yaani unyumbufu, na anayesifiwa humo ni mrushaji. Mtazameni: anamkumbatia mwenzake kiunoni, anamnyanyua, kisha anajipinda kinyumenyume mpaka mgongo unakuwa upinde, na mwenzake anatua kwa mabega. Mgongo ukiwa mkavu, mrushaji ataangukia kisogo chake mwenyewe. Mieleka ya Kigiriki-Kirumi, ambayo hairuhusu kushika chini ya kiuno, ilikuzwa Ufaransa katika karne ya 19, na ndiko istilahi hii ilikozaliwa. Herufi x imeingia kwenye Kiingereza. Souplesse haina x.

Sasa hapa ndipo wanapoteleza wengi, na kila wiki naletewa mfano mwingine. Supplex ya Kilatini imo kweli kwenye ukoo huo, lakini ni babu. Ilizaa souple ya Kifaransa, na njiani maana ikahama: kwanza mnyenyekevu anayejikunja mbele ya mkubwa, baadaye kitu chochote kinachokunjika bila kuvunjika. Wanamieleka walilipokea neno kwenye maana hii ya mwisho, magoti yakiwa yameshasahaulika karne nyingi. Anayemrukia babu akamwacha baba amebuni hadithi, hata kama tahajia inamuunga mkono.

Wapasua maneno hawa hawaishii kwenye Kilatini. Wapo wanaofundisha vijana kwamba mieleka imetokana na kuelekea, kwa kuwa wachezaji wanaelekeana. Sikio limesikia elek, basi, uchunguzi umekwisha! Hawaulizi umoja wake, hawaulizi umbo la zamani. Umoja ni mweleka, na maana yake ni anguko. Ndiyo maana mtu hupigwa mweleka hata akiteleza njiani peke yake, pasipo wa kuelekeana naye. Kamusi za zamani zinaandika pia mwereka. Hiyo r wataitoa wapi ndani ya elekea? Na kitenzi hicho jina lake kimeshalizaa: mwelekeo.