Uliza Tukujibu: Pointi mbili zilituua Ivory Coast, zikatubeba Morocco

Safari hii nilitegemea maswali ya mbolea na ada za shule kama kawaida, lakini meseji karibu zote zimekuja na mpira, kuanzia Sakina mpaka Majengo ya Moshi. Haya, tujibu mpira basi. Wa mbolea wanivumilie.

Mambo bro. Mi ni boda, kijiwe chetu kiko Ngarenaro, Arusha. Kila siku tunabishana kitu kimoja. AFCON ya Ivory Coast, Taifa Stars ilipata pointi mbili ikarudi nyumbani, watu wakaitukana. AFCON ya Morocco imepata pointi mbili hizohizo ikaingia 16 bora, watu wakaisifia mpaka basi. Sa timu imekua au ni zali tu?
*Boda wa Ngarenaro*

Poa chalii wangu. Hapo kijiweni kila upande una pa kushikia, ndo maana hamuishi kubishana.

Tuanze na Ivory Coast, Januari 2024. Mechi ya kwanza Morocco katupiga 3-0, hiyo hatuna cha kusema. Ya pili na Zambia, Msuva akafunga mapema, Zambia wakala kadi nyekundu kabla ya mapumziko, tukacheza kipindi cha pili chote dhidi ya watu kumi na bado tukakubali kichwa cha Patson Daka dakika ya 88. Mimi ile mechi mpaka leo siipendi kuikumbuka. Ya tatu na DR Congo, 0-0. Pointi mbili, goli moja la kufunga, manne ya kufungwa, mkiani mwa kundi.

Sasa sikiliza vizuri hapa maana watu wengi huwa wanaruka. Usiku uleule tunatoka sare na Kongo, Zambia alikuwa anacheza na Morocco, na Ivory Coast ambao ni wenyeji walikuwa wanaomba Mungu, walishapigwa 4-0 na Equatorial Guinea kwao wenyewe na kocha wao Gasset ameshaondoka. Zambia akipata sare tu, wenyeji wanaaga mashindano nchini kwao. Zambia akafungwa 1-0. Ivory Coast wakapita kwa mlango wa mshindwa bora (timu zilizoshika nafasi ya tatu kwenye makundi, nne zilizo bora zinapita), wa mwisho kabisa kati ya wanne, wakampa timu Emerse Faé, wakawatoa Senegal kwa penati, wakawatoa Mali wakiwa pungufu, wakaja kuifunga Nigeria 2-1 fainali. Bingwa wa Afrika! Yani kombe lile lilipitia kwenye kundi letu sisi.

Na ile Kongo tuliyotoka nayo 0-0? Haikushinda mechi hata moja kwenye makundi, sare tatu, lakini ikafika nusu fainali. Sisi tungewafunga kagoli kamoja tu usiku ule tunamaliza wa pili na pointi nne, wao ndo wanapanda ndege. Watu walewale, uwanja uleule, goli moja, na leo tungekuwa tunaongea habari nyingine kabisa kuhusu kizazi kile cha Stars.

Njoo Morocco, Desemba 2025. Kundi la Nigeria, Tunisia na Uganda, redioni kila mchambuzi ameshatuzika. Nigeria wanaongoza, Charles M'Mombwa akasawazisha, dakika mbili tu baadae Lookman akamaliza, 2-1. Watu wakazima tivii wakalala. Lakini lile goli la M'Mombwa, goli la mechi tuliyofungwa, ndo lilikuja kutuvusha, subiri nitakuonesha. Na Uganda ikawa 1-1, na dakika za majeruhi Uganda wakapata penati, Okello akakosa. Na Tunisia 1-1, Fei Toto akasawazisha. Pointi mbili, magoli matatu ya kufunga, manne ya kufungwa.

Tukashika nafasi ya tatu, tukawa tunagombania mlango wa mshindwa bora na Angola, wa tatu kwenye kundi lao, nao pointi mbili, wamefunga mawili wamefungwa matatu. Tofauti ya magoli ni sawa, sisi minus moja na wao minus moja. Kinachotutenganisha ni kwamba sisi tumefunga matatu na wao mawili. Mfute M'Mombwa kwenye ile mechi ya Nigeria, au mpe Okello ile penati, au Angola wapate goli moja kwa Misri ambao walikuwa wameshafuzu (mechi ikaisha 0-0), hatuendi kokote na kijiwe chenu kinatukana tena kama 2024.

Kwa hiyo timu imekua au zali? Kupita kwenyewe mi naita zali, kwa sababu sehemu kubwa iliamuliwa na watu ambao hata hawakuwa wanacheza na sisi. Kukua nako kupo ila usikutafute kwenye kufuzu, kutafute kwenye yale magoli: safari hii tulifunga kila mechi ya kundi, na hatukufungwa zaidi ya mawili na yeyote. Halafu 16 bora tukawafanya wenyeji Morocco wahangaike, wakatutoa kwa goli moja la Brahim Díaz, Morocco haohao waliotupiga tatu miaka miwili nyuma. Hapo ndo pa kubishania. Ila kabla hamjatamba sana huko Ngarenaro, kumbukeni tangu 1980 tumecheza mechi 13 za fainali za AFCON, sare tano, vipigo nane, ushindi hamna. Tumeingia 16 bora ya Afrika bila kushinda mechi hata moja maishani. Nani angetabiri hiyo?

Shikamoo mwandishi. Mimi ni mama lishe soko la Kilombero. Mwanangu wa kiume anabeti, kila jioni mkeka. Nikimwambia anasema mama hizi ni timu kubwa tu, hazifungwi, na anaweka nane kwa pamoja ili apate hela nyingi. Ni kweli timu kubwa hazifungwi?
*Mama wa Kilombero*

Marahaba mama yangu, na pole na moshi wa jiko.

Mwambie hivi huyo kijana. Timu kubwa mara nyingi inashinda, hapo hajadanganya. Tufanye kila timu aliyoiweka ina uhakika wa kushinda mara saba kwenye kila mechi kumi, ambayo ni timu kali kwelikweli. Mkeka wa timu moja, sawa, saba kwa kumi. Wa timu mbili, tayari umeshuka chini ya nusu. Wa timu nne, ni kama robo tu. Akifika nane, kwenye mikeka mia inayolipa ni kama sita hivi, ile 94 yote inachanika. Na mechi moja tu ikiharibu imeharibu yote, hata kama saba zimetii. Wenye makampuni hesabu hii wanaijua toka zamani mama, ndo maana ile hela anayoahidiwa kwa timu nane inaonekana tamu hivyo.

Hesabu hiyohiyo ndo inayowamaliza mabingwa kwenye makombe. Ukishafika 16 bora unatakiwa kushinda mechi nne mfululizo. Hiyo timu ya saba kwa kumi, ambayo wote tunaiita bingwa mtarajiwa, nafasi yake ya kubeba kombe kuanzia hapo ni kama 24 kwa mia. Yani mara tatu kati ya nne bingwa anakuwa mtu mwingine, na hapo timu yenyewe haijacheza vibaya wala nini.

Na kama bado mbishi muulize Qatar 2022 aliweka nani siku Argentina anacheza na Saudi Arabia. Argentina ilikuwa haijafungwa mechi 36, ina Messi, ikatangulia kufunga, ikalala 2-1. Kisha hao hao Argentina wakachukua kombe! Kwahiyo hata ukijua bingwa ni nani, bado mkeka wa siku ya kwanza unachana. Hela ya mtaji wa maharage asiiguse mama, hiyo msimamie kwa ukali.

Mimi ni mwanafunzi niko Moshi. Swali langu, kwa nini timu zenye mastaa wote wa Ulaya zinatolewa mapema na timu zisizo na majina zinabeba kombe? Si mpira ni wachezaji?
*Mwanafunzi, Moshi*

Mdogo wangu, mpira ni wachezaji, ila wachezaji waliozoeana. Klabuni mtu anafanya mazoezi na wenzake miezi kumi. Timu ya taifa wanakutana wiki moja wanaachana, kochi hana muda wa kufundisha mambo magumu, na hawezi kwenda sokoni kununua beki wa kushoto kama hana. Ndo maana timu inayojua kuzuia vizuri inafika mbali, maana kuzuia kunafundishika haraka kuliko kushambulia.

Ugiriki 2004 ndo mfano wangu wa siku zote. Kabla ya Euro ile hawakuwahi kushinda hata mechi moja kwenye fainali kubwa yoyote (umeona, hatuko peke yetu). Kochi wao Mjerumani, Otto Rehhagel, akawapanga wakabe mtu na mtu, wangoje kona na krosi. Robo fainali wakaitoa Ufaransa 1-0, nusu fainali Czech 1-0, fainali wenyeji Ureno 1-0, na magoli yote matatu ni ya vichwa. Watu walilalamika mpira mbaya, unaboa. Uboe usiboe, kombe likaenda Athens.

Upande wa pili weka Ufaransa 2002. Mabingwa wa dunia, mabingwa wa Ulaya, washambuliaji Henry, Trezeguet na Cissé, wametoka kwenye ligi zao wamefunga mpaka wamechoka. Zidane akaumia kabla mashindano hayajaanza. Mechi ya kwanza Papa Bouba Diop wa Senegal akawatungua, ya pili 0-0 na Uruguay, ya tatu Denmark 2-0. Wakarudi nyumbani bila goli hata moja. Ujerumani nao, 2014 wanampiga Brazil 7-1 kwao Belo Horizonte na kuchukua kombe, 2018 wanashika mkia wa kundi baada ya kufungwa na Korea Kusini.

Ila mi inayoniuma zaidi ni ya Ivory Coast 2012, ile ya kina Drogba na Yaya Touré. Mashindano mazima hawakuruhusu goli hata moja. Fainali na Zambia, Drogba akapaisha penati ndani ya mchezo, 0-0 mpaka mwisho, wakaja kufungwa kwa matuta 8-7. Hujafungwa goli wiki tatu na kombe huna. Sa hapo utamlaumu nani? Zambia nao walikuwa na sababu yao nzito, fainali ilikuwa Libreville, mji uleule ambao ndege ya timu yao ilianguka jirani na pwani yake mwaka 1993.

Ni kweli kuna nchi ilichukua kombe bila kufuzu? Hapa Majengo mzee mwenzangu ananibishia.
*Mstaafu, Moshi*

Shikamoo mzee. Ni kweli, Denmark, Euro ya 1992. Yugoslavia ndo walikuwa wamefuzu, wakazuiliwa kwa sababu ya vita, Denmark wakaitwa zikiwa zimebaki siku chache, wakaifunga Ujerumani 2-0 fainali. Mwenzio akulipe hiyo soda.

Kaka, uwanja wa AFCON 2027 unajengwa huku Olmoti, na mimi nina kiwanja sio mbali. Nafikiria kuchukua mkopo nijenge gesti ya vyumba kumi. Watu wanasema wenyeji hufika mbali, Stars ikifika fainali si tutajaza? Nipe ushauri.
*Mwenye kiwanja, Arusha*

Dada (au kaka, hukusema), kuna maswali mawili umeyafunga pamoja, tuyafungue.

Wenyeji kufika mbali, inatokea na haitokei. Ivory Coast walichukua, umeona walichukuaje. Cameroon kwao, AFCON ya 2021 iliyochezwa 2022, wakaishia wa tatu. Misri kwao 2019 walishinda mechi zote za kundi bila kuruhusu goli, 16 bora wakakutana na Afrika Kusini ambao walipita kama mshindwa bora, wakatolewa 1-0. Na mfano wa karibu zaidi ni CHAN ya Agosti 2025 iliyochezwa hapahapa kwetu, Kenya na Uganda. Wenyeji watatu, wote wakafika robo fainali, wote wakatolewa palepale nyumbani: sisi na Morocco 1-0 kwa Mkapa, Kenya kwa matuta na Madagascar, Uganda na Senegal. Kwahiyo mkopo unaotegemea Stars kufika fainali usiuchukue, huo nao ni mkeka tu ila wenye hati ya kiwanja ndani.

Halafu hata Stars ikifika mbali, nani kasema watacheza Arusha? Mashindano yako nchi tatu, viwanja viko kadhaa, na droo ndo inaamua nani anakuja Olmoti. Unaweza ukaletewa Nigeria na mashabiki wao wa tarumbeta, unaweza ukaletewa timu ambayo mashabiki wake wanatosha kwenye Noah mbili.

Swali la pili ndo la maana: ukitoa AFCON, gesti yako itajaa? Arusha ina watalii, ina mikutano, ina watu wa biashara wanaotoka Namanga. Kama hesabu inalipa kwa hao, jenga, na mpira uwe nyongeza ya mwezi mmoja. Kama hailipi bila mpira, anza na vyumba vinne kwa hela yako mwenyewe. Na usisahau maji ya moto, baridi ya huku unaijua.