Maswali ya Wasomaji: Springi Zilizofichwa Nyuma ya Dirisha

Safari hii tunajibu barua zilizotufikia kuhusu madoido ya skrini ya kompyuta yanayoiga mwendo wa vitu halisi: madirisha yanayoyumba, menyu zinazodunda, na mengine ya jamii hiyo.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, shikamoo. Kaka yangu ameweka Linux yenye eneokazi la KDE kwenye kompyuta ya nyumbani. Nikilikamata dirisha kwa kipanya na kulivuta, linapinda na kuyumba kama kanga iliyoanikwa penye upepo, na nikiliachia linatikisika kidogo kabla ya kutulia. Je, picha zote hizo zimechorwa kabla, au kompyuta inazitunga papo hapo?
Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Mwanza

JIBU: Marahaba. Hakuna picha hata moja iliyochorwa kabla. Dirisha unaloliona ni picha moja bapa ambayo programu imeichora mahali fulani kwenye kumbukumbu, mbali na macho yako. Programu nyingine, yaani msimamizi wa madirisha, ambaye katika KDE huitwa KWin, ndiyo inayoichukua picha hiyo na kuibandika kwenye skrini. Kwa kuwa ubandikaji uko mikononi mwake, msimamizi huyo anaweza kuibandika picha ikiwa imenyooka au imepinda, na programu uliyoifungua isiwe na habari yoyote: kwake, dirisha bado ni mstatili uliotulia.

Sasa swali ni jinsi anavyojua apinde wapi na kwa kiasi gani. Nitatumia mfano wa Compiz, programu iliyoyapa madirisha haya umaarufu, kwa sababu hesabu yake ni fupi na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma. Compiz hutandaza juu ya dirisha nukta 16, nne kwa nne, na kuipa kila nukta tungamo. Kila nukta huunganishwa kwa springi na jirani yake wa kando na jirani yake wa juu au chini, kwa hiyo springi zote ni 24. Ukichora kwenye karatasi utazihesabu mwenyewe, tatu kwa kila mstari wa mlalo na tatu kwa kila safu ya wima. Unapolikamata dirisha, ile nukta iliyo karibu zaidi na kipanya hufungwa kwenye kipanya na haitii tena springi yoyote, bali hufuata mkono wako. Nukta nyingine 15 hubaki nyuma kidogo, springi zinatanuka, na kuanzia hapo kazi yote inafanywa na Kanuni ya Hooke, ile ile ambayo Robert Hooke aliichapisha mwaka 1678 na ambayo huthibitishwa maabara kwa kuning'iniza mawe ya mizani: kani ya springi huongezeka sawia na urefu ilivyotanuliwa.

Kwa kila nukta kompyuta hujumlisha kani za springi zinazoigusa, hupunguza kani ya msuguano inayopinga mwendo, hugawanya kwa tungamo ili kupata mchapuko, hurekebisha mwendokasi, kisha huisogeza nukta. Hatua moja ya hesabu hiyo huwakilisha takriban milisekunde 15, kisha inarudiwa tena na tena mpaka kani zote zinakaribia sifuri. Nukta 16 pekee zingelifanya dirisha lionekane limekunjwakunjwa kama sanduku la karatasi, kwa hiyo hupitishiwa uso laini wa hisabati unaoitwa uso wa Bézier, kwa jina la Pierre Bézier, mhandisi wa kampuni ya magari ya Renault ya Ufaransa aliyeueneza katika miaka ya 1960 kwa ajili ya kuchora mabodi ya magari.

Hata hivyo, kanga yako na dirisha lako vinatofautiana katika jambo moja muhimu. Springi halisi hukumbuka urefu wake tu. Ukiizungusha haijali inaelekea wapi. Springi za Compiz hukumbuka urefu pamoja na upande, yaani kila moja inajua kwamba nukta ya jirani inapaswa kuwa umbali fulani kulia au umbali fulani chini, wala si umbali fulani popote. Ndiyo maana dirisha haliwezi kubaki limelala ubavu au limepinduka baada ya kulitupa. Kwa mwalimu wa fizikia huo ni uongo mtupu, lakini ni uongo uliochaguliwa kwa makini, kwa sababu hakuna anayetaka kusoma barua kwenye dirisha lililopinduka. Mvutano wa ardhi nao umeachwa nje kwa sababu hiyo hiyo.

Huenda sasa ukajiuliza kama si afadhali kuchora kabla, na hapo ndipo ninapoona thamani halisi ya fizikia hii. Mwendo uliopangwa kabla una mwanzo na mwisho. Mtumiaji akibadili nia katikati, programu inalazimika ama kuusubiri umalizike au kuukata ghafla. Springi haina mwisho uliopangwa. Ukilivuta dirisha kulia kisha ukageuza mkono kushoto likiwa bado linayumba, mwendokasi lililokuwa nao unaendelea kuingia katika hesabu, na badiliko linaonekana la kawaida. Linganisha na doido mashuhuri la Mac OS X, mfumo wa kompyuta za Apple, ambapo tangu mwaka 2001 dirisha linalopunguzwa hujibana na kuzama ndani ya Dock, ule ukanda wa aikoni za programu. Linapendeza, lakini halina tungamo wala springi. Ni umbo ambalo wasanifu waliliamua kabla, na hata ufanye nini litafuata njia ile ile.

SWALI: Ndugu Mhariri, nani alianzisha mambo haya, na kwa nini siku hizi siyaoni kwenye kompyuta za ofisini?
Karani, Dodoma

JIBU: Wazo la kuzipa picha za skrini uzito na mwendo ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1993 Bay-Wei Chang na David Ungar waliandika makala ya kitaalamu wakitetea kwamba kompyuta iazime mbinu za wachoraji wa katuni, ili kitu kisitoweke hapa na kuibukia pale bila jicho kuona kilivyopita. Kilichokosekana wakati huo ni mahali pa kuihifadhi picha ya dirisha zima. Programu zilichora moja kwa moja kwenye skrini, na sehemu iliyofunikwa na dirisha jingine haikuwepo popote. Ilibidi ichorwe upya kila ilipofunuliwa. Huwezi kupinda kitu ambacho huna.

Kwa upande wa Linux mlango ulifunguka Septemba 2004, wakati X.Org, mfumo unaoonyesha madirisha kwenye skrini za Linux, katika toleo la 6.8 ulipoanza kuruhusu kila dirisha kuchorwa pembeni kwanza. Kristian Høgsberg alibuni hesabu ya springi niliyoieleza hapo juu, na David Reveman wa kampuni ya Novell akaiingiza katika Compiz, iliyotangazwa mwanzoni mwa mwaka 2006. Ukifungua faili la msimbo wa doido hilo utakuta jina la Høgsberg limetajwa juu kabisa, adabu ambayo si kila mradi unayo. Mwaka ule ule wa 2006 kundi la wachangiaji lilijitenga na kuanzisha toleo lao lililoitwa Beryl, wakarudi kuungana mwaka 2007 kwa jina la Compiz Fusion, na Oktoba mwaka huo Ubuntu 7.10, mojawapo ya aina za Linux, ikatoka ikiwa na Compiz Fusion tayari. Microsoft nayo ilikuwa imetoa Windows Vista, ambayo madirisha yake yaliweza kupangwa kwa mshazari yakionekana yana kina, lakini hayakuyumba.

Kuhusu ofisini, sidhani kwamba yalikufa, yalipungua ukubwa. Springi sasa zimehamia kwenye vitu vidogo: orodha inayovutika kidogo na kurudi unapofika mwisho wake, kitufe kinachobonyea, ukurasa unaotelezeshwa kwa kidole na kuendelea kwa kasi ya kidole. Dirisha zima kuyumba lilikuwa onyesho la nguvu ya kadi ya michoro, na maonyesho huchosha mapema. Mwenye kulitaka bado atalikuta katika mipangilio ya KDE.

SWALI: Nina duka dogo la huduma za kompyuta Kisumu, na mashine zangu ni za mtumba zenye kumbukumbu ya GB 4. Vijana wananisihi niwashe madoido haya. Yatanipunguzia kasi?
Mwenye duka

JIBU: Hesabu ya springi yenyewe usiihofie. Springi 24 na nukta 16 ni mamia machache ya kuzidisha na kujumlisha kwa kila hatua, kazi ambayo hata prosesa ya miaka ishirini iliyopita huimaliza bila kuihisi. Gharama iko kwenye picha. Dirisha lililojaza skrini ya pikseli (nukta za rangi za skrini) 1920 kwa 1080, kwa baiti nne kila pikseli, huchukua baiti 8,294,400, yaani takriban MB 8, na madirisha kumi ya ukubwa huo yanakaribia MB 83. Katika mashine ambazo kadi ya michoro haina kumbukumbu yake, kiasi hicho hutoka kwenye GB 4 zako. Lakini zingatia kwamba mazingira mengi ya sasa huhifadhi picha hizo hata madoido yakiwa yamezimwa, kwa hiyo kuyazima hakurudishi kiasi chote.

Linalopaswa kukuamulia ni kiendeshi cha kadi ya michoro, yaani programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi hiyo. Kikiwa kimewekwa sawasawa, washa bila wasiwasi. Kikikosekana, mfumo humtwika prosesa kazi ya kuchora, na hapo hata kulisogeza dirisha la kawaida kutakuwa kwa kukwamakwama. Jaribu kwenye mashine moja kwanza.

SWALI: Mhariri mpendwa, madirisha yakiyumba au skrini ikiteleza kwa kasi mimi hupata kichefuchefu. Wenzangu wananicheka. Je, hili ni jambo la kweli?
Katibu muhtasi, Tanga

JIBU: Ni la kweli, dada yangu, na wenzako hawana sababu ya kucheka. Macho yakiripoti mwendo ilhali kiungo cha usawa kilichomo ndani ya sikio kinaripoti kwamba mwili umetulia, ubongo wa baadhi ya watu huugeuza mgongano huo kuwa kizunguzungu. Mwaka 2013, Apple ilipotoa iOS 7, mfumo wa simu zake, yenye mwendo mwingi wa kuvuta karibu na kusogeza mbali, malalamiko ya aina hii yalikuwa mengi, na baadaye mpangilio wa kupunguza mwendo ukapanuliwa ili uyazime. Leo Windows, macOS na GNOME (eneokazi jingine la Linux) zote zina swichi ya namna hiyo katika sehemu ya ufikivu, na tovuti zilizoandikwa vizuri huisoma swichi hiyo na kuitii. Izime michoro mjongeo, na dalili zikiendelea hata bila kompyuta, muone daktari.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninajifunza kuandika programu. Nimetengeneza menyu inayoingia kutoka pembeni ikivutwa mahali pake na springi moja. Tungamo nimeweka 1, ukakamavu wa springi 400, msuguano 4. Katika kila fremu, yaani kila skrini inapochorwa upya, ninakokotoa kani, ninaisogeza menyu kwa mwendokasi wa zamani, kisha ninaubadili mwendokasi kwa kani ile. Kwa rafiki yangu mwenye skrini ya Hz 144 menyu inadunda na kutulia. Kwangu, kwenye skrini ya Hz 60, inadunda kwa nguvu zaidi na zaidi mpaka inatoka nje ya skrini. Msimbo ni ule ule. Kosa liko wapi?
Mwanafunzi wa chuo, Nairobi

JIBU: Umeuliza vizuri, kwa sababu umetoa namba zote zinazohitajika. Mbinu uliyotumia ni ile ya mwanahisabati Leonhard Euler katika sura yake ya kawaida kabisa, na kwa springi inayodunda mbinu hiyo ina sharti: hatua ya muda iwe ndogo kuliko msuguano uliogawanywa kwa ukakamavu. Kwako ni 4 kwa 400, yaani sekunde 0.01. Fremu ya rafiki yako hudumu sekunde 0.0069, imepita chini ya kikomo. Yako hudumu 0.0167, imekivuka. Ukikivuka, kila hatua huiongezea menyu nishati nyingi kuliko msuguano unavyoweza kuiondoa, na kwa namba zako mdundo hukua takriban mara 3.7 kwa kila sekunde.

Usimwonee wivu rafiki yako, maana hata kwake jibu si sahihi. Springi halisi yenye namba hizo ingebakiwa na takriban asilimia 14 ya mdundo wake baada ya sekunde moja. Kwake inabakiwa na asilimia 54. Inatulia, lakini kwa uvivu.

Dawa ya kwanza ni kubadilishana mistari miwili: badili mwendokasi kwanza, kisha isogeze menyu kwa mwendokasi mpya. Hesabu haiongezeki hata kidogo, lakini kikomo cha hatua kinapanda sana, na 0.0167 inakuwa salama kabisa kwa springi yako. Compiz hufuata mpangilio huu. Dawa ya pili ni kuacha kutumia muda wa fremu kama hatua ya hesabu. Chagua hatua moja isiyobadilika, weka akiba ya muda uliopita tangu fremu iliyotangulia, piga hatua nyingi kadiri zinavyotosha katika akiba hiyo, na baki lihamie fremu inayofuata. Hapo menyu yako itakwenda namna moja kwenye skrini zote mbili. Usichague dawa moja kati ya hizi. Tumia zote mbili, hasa ukikusudia baadaye kuunganisha springi nyingi kama za dirisha zima, kwa sababu nukta inayovutwa na springi nne hutetema haraka zaidi na kikomo hushuka.

Ukishamaliza, litazame upya lile 4. Msuguano unaozuia kabisa menyu isipite mahali pake ni mara mbili ya kipeuo cha pili cha tungamo kuzidisha ukakamavu, yaani 40 kwa namba zako. Kwa 4 menyu hudunda zaidi ya sekunde nzima kabla haijatulia, na mtu anayeifungua siku nzima akiwa kazini ataichukia kabla ya saa sita mchana. Mimi ningeanza na 30: menyu hupita mahali pake kwa chini ya asilimia 3 ya safari yake, kiasi cha jicho kuhisi kwamba kitu chenye uzito kimesimama, na kidole kikawa tayari kuchagua.