Oppenheimer sawa, ila kicheko kiko kwa Eddie Murphy

Mkuu, umeuliza kama filamu ya Oppenheimer inastahili saa 3 zako. Inastahili, ila si usiku wa kuamkia kazini; maongezi ni mengi na nyakati zinapishana, ukisinzia kidogo tu umepotea. Avatar ya 2022 ni ndefu zaidi, bahari inapendeza, hadithi nyepesi kama uji wa mgonjwa.

Mimi nikitaka kucheka narudi Coming to America ya 1988. Pale kwa kinyozi, Clarence ni Eddie Murphy, na yule mzee wa Kiyahudi anayebishana naye ni Murphy huyohuyo! Nilikuja kujua nikiiangalia mara ya nne hivi, ikabidi nirudishe nyuma. Ile ya pili ya 2021 usihangaike nayo.