Vichwa 60 katika mirusho 100: je, sarafu inapendelea upande?

Ukirusha sarafu mara 100 ukapata vichwa 60, usiishuku bado. Sarafu ya haki hupotoka kiasi hicho au zaidi, juu au chini, takribani mara 6 katika kila majaribio 100 ya aina hiyo. Vichwa 600 katika mirusho 1,000 ni jambo jingine kabisa, ingawa asilimia ni ileile.

Tofauti iko kwenye mkengeuko sanifu, yaani kiasi ambacho idadi ya vichwa huyumba kwa bahati tu. Tafuta kipeuo cha pili cha idadi ya mirusho, ugawe kwa 2: mirusho 100 inatoa 5, mirusho 1,000 inatoa 15.8. Kisha angalia vichwa vyako viko mbali kiasi gani na nusu ya mirusho, punguza 0.5 (kwa sababu vichwa huhesabika kwa namba nzima), na ugawe kwa mkengeuko. Jibu likifika 1.96, sarafu inatiliwa shaka kwa kiwango cha asilimia 5, yaani sarafu ya haki ingefika hapo kwa bahati takribani mara 5 tu katika majaribio 100. Vichwa 60 vinatoa 1.9, havifiki. Vichwa 600 vinatoa 6.3.

Wengi hukosea kabla hata ya hesabu. Amua idadi ya mirusho mapema, uiandike, na usiibadilishe. Anayepiga hesabu kila baada ya mrusho na kusimama pale anapoona 1.96 anajidanganya, kwani hata sarafu safi itavuka mpaka huo ikirushwa bila kikomo. Idadi yenyewe inategemea upendeleo unaoutafuta. Ili uwe na nafasi ya asilimia 80 ya kuunasa upendeleo wa asilimia 60 (sarafu inayotoa kichwa mara 60 katika kila 100), mirusho 200 hivi inatosha. Wa asilimia 55 unadai karibu 800. Wa asilimia 51 karibu 20,000. Kile kinachozidi asilimia 50 kikipungua nusu, kazi inakuwa mara nne.

Rusha juu izunguke vizuri, uidake kwa kiganja. Usiizungushe mezani kama pia ya watoto: hapo umbo la ukingo na uzito huamua mengi, na utakuwa unapima kitu kingine. Badilisha pia upande unaoanza juu, mrusho mmoja kichwa, unaofuata namba. Utafiti wa mwaka 2023 wenye mirusho 350,757 ulikuta sarafu inaangukia upande ilioanzia kwa asilimia 50.8. Na mrusho ulioharibika utupwe kabla hujaona matokeo, si baada ya kuyaona.

Hata sarafu ikifaulu, hujathibitisha kwamba ni ya haki. Mwanahisabati John Kerrich, akiwa kizuizini Denmark wakati wa Vita Vikuu vya Pili, alirusha mara 10,000 akapata vichwa 5,067. Kipimo chake ni 1.33 tu, lakini takwimu hizo zinaafikiana na sarafu yoyote yenye uwezekano wa kichwa kati ya asilimia 49.7 na 51.7.