Leseni ninayo, muhtasari ninao, na bado shimo langu lilifungwa

Juzi usiku kijana mmoja wa Usa River, Arusha, ameniandikia: "Dada shikamoo. Leseni ya madini ninayo, muhtasari wa mkutano wa kijiji ninao, lakini jirani kafungua shauri na kijiko cha kuchimbia kimesimama wiki ya tatu sasa. Nimekosea wapi?" Marahaba mdogo wangu. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili huku moyo ukinienda mbio, maana maneno karibu hayohayo nilimwambia wakili wangu mwaka 2020.

Najua wengi mnaonisoma mmechoka kununua moramu, ule udongo wa changarawe wa barabara na ujenzi, kwa tripu huku faida ikibaki kwa mwenye shimo. Mnataka shimo lenu. Mimi nililipata mwaka 2019, upande wa Mlangarini. Leseni ndogo ya uchimbaji, ya miaka 7, ilitoka kwa jina langu. Mwanamke, bila mume wala kaka wa kunisindikiza ofisini. Niliitia fremu, mpaka leo iko ukutani.

Kwenye barua yangu ya maombi kwa kijiji niliandika "moramu, mawe na kokoto". Mkutano mkuu ukakaa, wananchi wakaridhia, muhtasari ukaandikwa kwa mkono kwamba mwombaji amekubaliwa "kuchimba moramu kwa matumizi ya barabara na ujenzi". Mstari mmoja na nusu. Mawe hayamo, kokoto hazimo, hata barua yangu haikutajwa. Sikuusoma. Nilitazama mhuri, nikashukuru, nikaondoka.

Mwaka mmoja baadaye nikakopa, nikaleta kresha, mashine ya kusaga mawe kuwa kokoto. Vumbi likaanza kutua kwenye migomba ya jirani yangu, mama mtu mzima ambaye tulikuwa tukisalimiana kila asubuhi. Akaja mwenyewe, amejifunga khanga kiunoni, akaniambia: "Mwanangu, kijiji kilikupa udongo. Mwamba hakikukupa."

Nikamjibu kwamba nina leseni ya serikali.

Jibu lile bado linaniuma. Mama yule alikuwa ameusoma muhtasari vizuri kuliko mimi niliyeulipia mafuta ya pikipiki kuufuata.

Shauri lilifika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, zuio likatoka, mashine zikazimwa. Miezi ikaishia kwenye pingamizi la awali: je, huu ni mgogoro wa ardhi, au ni wa madini unaopaswa kwenda Tume ya Madini? Tulipofika kwenye kiini, hoja ilikuwa neno moja, "moramu". Wakili wangu alisema barua ya maombi isomwe pamoja na muhtasari, ili dhamira ya kijiji ionekane. Wakili wa mama akaleta msimamo wa mahakama za Uingereza kuhusu vibali vya uendelezaji: kibali kikiwa wazi, kinasomwa chenyewe, na barua ya maombi haiingii ndani yake mpaka kibali kiitaje. Akaongeza hukumu ya Mahakama ya Juu ya huko ya mwaka 2019, kesi ya Lambeth, kwamba swali ni msomaji wa kawaida mwenye busara angeelewa nini akikisoma kibali chote. Hukumu za kule hazifungi mabaraza yetu, lakini nilipojiuliza swali hilo mwenyewe, jibu nililijua.

Halafu ikaja futi kamba. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Madini ya 2010 kinamtaka mwenye leseni awe na ridhaa ya maandishi ya mkaaji halali kabla ya kufanya kazi ndani ya mita 200 kutoka kwenye nyumba. Kwa mama ilikuwa mita 140. Karatasi ya ridhaa sikuwa nayo.

Tukamaliza kwa sulhu. Kresha niliiuza kwa hasara, Fuso ikafuata. Leo nachimba moramu peke yake, kwa muhtasari mpya, na sidaiwi na mtu.

Wadogo zangu, leseni ya Tume inakupa haki juu ya madini. Haikupi uwanja wa mtu wala haifuti alichokiandika mtendaji. Someni muhtasari kabla haujagongwa mhuri. Dai kila unachotaka kuchimba kitajwe kwa jina lake, na barua yako itajwe kwa tarehe. Someni tena, hata kama foleni ni ndefu na mtendaji amenuna. Na tuache kumwona jirani anayelalamika kuwa ni mwenye wivu. Kifusi kilipofunika watu kwenye machimbo ya Moshono, Arusha, mwaka 2013, waliokufa walikuwa watu waliotoka nyumbani asubuhi kutafuta riziki. Anayeuliza unachimba nini na kwa kina gani ana haki ya kujibiwa kwa heshima.

Wewe wa Usa River, nipigie picha muhtasari wote, pamoja na ukurasa wa mahudhurio. Kisha pima kutoka ukingo wa shimo hadi ukuta wa jirani, uniandikie namba utakayoipata kabla hujarudi barazani.