Bao lako linaiba kete

"Mwanangu, bao lako linaiba kete."

Sauti hiyo ya mzee mmoja wa barazani kwetu iliingia WhatsApp usiku, nikaitafuta kete yake siku tatu. Nilikuwa naandika mchezo wa bao kwa Lua, lugha ya kuandikia programu, unachezwa kwenye simu kupitia LÖVE, programu inayoendesha michezo ya Lua, na wajaribu wangu walikuwa wachezaji wenyewe: watu wanaozijua namua na mtaji, hatua mbili za bao, kuliko mimi, ila skripti, yaani maandishi ya programu, hawajawahi kuiona. Siku ya tatu ndipo nikang'amua kuwa mzee alikuwa na faili la wiki mbili nyuma. Hitilafu yake nilishaiondoa zamani.

Tangu hapo namba ya toleo naiandika juu kabisa ya skripti, na mchezo unaionyesha pembeni mwa ubao. Mwenye malalamiko apige picha ya skrini tu, namba inakuja nayo. Mambo ya "bao_mpya" na "bao_mpya_kabisa" nimeachana nayo.

Skripti usiibandike kwenye meseji. Kijana mmoja anayejua Lua kidogo alijaribu kunirekebishia mistari kwa iPhone. Simu ikaunganisha vistari viwili (--) vinavyotangulia maelezo katika Lua kuwa kimoja kirefu, ikazipinda na alama za nukuu. Lua ikaligomea faili zima. Sasa natuma faili la .love lililokamilika, lenye mchezo mzima, baada ya kulifungua kwenye simu yangu mwenyewe. Laptop yangu ya Windows haibagui kete.png na Kete.png, lakini ndani ya .love herufi moja kubwa inatosha kuuangusha mchezo. Aibu hiyo nimeipata, tena kundi zima likishuhudia.

Nenosiri la seva, kama umelisahau ndani ya skripti na faili limeshatoka, libadilishe. Kufuta meseji ni kujifariji.

Kilichonifaa kuliko vyote ni mstari wa kuhesabu. Bao lina kete 64, za ubaoni na za mkononi pamoja. Kila zamu ikiisha skripti inazihesabu. Ikikosekana moja, mchezo unasimama na kuandika hatua zote tangu mwanzo: shimo lipi, upande upi. Mzee hana haja ya kunieleza kitu. Ananitumia picha, nami naurudia mchezo wake shimo kwa shimo.

Ndivyo nilivyomkamata mwizi wa pili, na huyu alikuwa wa kweli. Lua huanza kuhesabu kwenye 1, mimi nimezoea 0. Kila mchezaji ana mashimo 16. Kete zikizungushwa kwa kurudi nyuma na kupita shimo la kwanza, moja ilitumbukia shimo la sifuri, ambalo ubaoni halipo. Toleo lililofuata nilituma na ombi moja tu: leo zungusheni upande huo.

Mzee alizihesabu kete zote kwanza, ndipo akacheza.