Kuendesha Pikipiki Polepole: Mazoezi ya Kufanya kwenye Maegesho Matupu

Pikipiki ikitembea kilomita 50 kwa saa haihitaji msaada mkubwa wa dereva ili isimame wima. Ishushe hadi kilomita 8, na kazi yote inakurudia wewe. Kila kosa dogo la mkono linaonekana papo hapo: usukani unatapatapa, mguu unashuka chini, injini inazima katikati ya kona. Ndiyo maana mtu aliyezoea safari ndefu za barabara kuu anaweza kuangusha pikipiki anapogeuza kwenye njia nyembamba au anapoegesha mbele ya watu. Mwendo huu una ufundi wake, na mahali pazuri pa kuujenga ni maegesho yasiyo na magari.

Omba ruhusa ya mwenye eneo, nenda muda ambao hakuna magari yanayoingia na kutoka, na uwe na mtu mwingine karibu. Kabla ya kuwasha, tembea eneo lote kwa miguu. Mchanga mwembamba juu ya lami unateleza vibaya tairi la mbele likiwa limekunjwa, kwa hiyo ufagie. Angalia oili pia: hudondoka kwenye nafasi za kuegesha, upande ambao injini za magari hukaa, na doa la zamani linaweza kuonekana kama kivuli tu. Michoro ya rangi na mifuniko ya chuma ya mitaro huteleza ikilowa, basi subiri pakauke.

Mistari ya maegesho ni rula yako. Nafasi ya gari moja mara nyingi ina upana wa karibu mita 2.5, hakikisha kwa futi kamba. Nafasi tatu zilizopangana zinakupa mita 7.5, na huo ndio upana ambao mtahiniwa wa leseni ya pikipiki Uingereza anatakiwa kugeuzia bila kushusha mguu. Kwa alama tumia koni laini, mipira ya tenisi iliyokatwa nusu au chaki. Mawe na matofali usiyaguse, kwa sababu siku moja utayakanyaga.

Pikipiki yenyewe iwe sawa. Upepo ukipungua kwenye tairi la mbele usukani unakuwa mzito, na utadhani ni wewe hujui. Ncha ya mkono wa klachi icheze kidogo kabla haijaanza kuvuta. Kwenye pikipiki nyingi ni milimita 10 hadi 20, lakini fuata kitabu cha pikipiki yako. Kisha washa injini bila gia na ukunje usukani hadi mwisho, kushoto na kulia. Mlio ukipanda wakati unakunja, waya wa mafuta unavutwa. Rekebisha hilo kwanza, maana ni hatari kubwa kwenye kona finyu. Vaa helmeti, glavu na buti zinazofunika kifundo. Pikipiki inayoanguka ikiwa karibu kusimama inaweza kuubana mguu uliobaki chini yake.

Mikono na mguu wa kulia

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Ukiachia klachi taratibu, kuna hatua ambapo pikipiki inaanza kusukumwa lakini klachi haijakamata yote. Hiyo nusu klachi, au balansi kama madereva wengi wanavyosema, ndiyo nyumba yako kwenye mwendo wa polepole.

Watu wengi hujaribu kurekebisha mwendo kwa mkono wa mafuta. Wanafungua, wanafunga, wanafungua tena. Kila wakifanya hivyo cheni inalegea na kukaza, pikipiki inashtuka, na mshtuko mmoja katikati ya kona unatosha kuiangusha. Fanya kinyume chake. Fungua mafuta kidogo, injini izunguke juu kidogo ya mlio wake wa kawaida, kama mizunguko 2,000 kwa dakika kwenye pikipiki nyingi, kisha uache mkono huo utulie. Mwendo uongeze kwa kuachia klachi kidogo na uupunguze kwa kuivuta kidogo. Wakati huohuo mguu wa kulia ukae juu ya breki ya nyuma ukiibonyeza kwa wepesi, bila kuiachia. Injini ikivuta mbele huku breki ikishika nyuma, cheni inabaki imekaza na pikipiki inatulia.

Breki ya mbele usiiguse kabisa usukani ukiwa umekunjwa. Ukiibana, shokapu za mbele zinazama, pikipiki inasimama ghafla, na uzito wote unaangukia upande wa ndani wa kona. Dawa ni rahisi: kwenye mazoezi ya kugeuza, vidole vyote vya mkono wa kulia vishike mpini wa mafuta.

Kuna hofu kwamba mazoezi haya yanaua klachi. Pikipiki nyingi zina klachi inayozunguka ndani ya oili, nayo huvumilia vizuri kuteleza namna hii kwa mizunguko midogo. Yenye klachi kavu hupata joto haraka zaidi, basi ipumzishe mara kwa mara. Injini inayopozwa kwa hewa nayo inateseka pasipo upepo wa safari, kwa hiyo baada ya dakika 15 au 20 zima, shuka, unyooshe vidole. Skuta haina mkono wa klachi: shikilia mafuta kidogo na uongoze mwendo kwa breki ya nyuma peke yake. Angalia tu kama breki yako ya kushoto inavuta na ya mbele pia. Baadhi ya skuta ziko hivyo, na hizo zinahitaji mkono mwepesi zaidi.

Mpangilio wa mazoezi

Anza umekaa, miguu yote miwili chini, gia namba moja. Achia klachi hadi pikipiki isogee nusu mita, vuta, irudishe nyuma kwa miguu, rudia. Endelea mpaka vidole vijue hatua ya balansi bila kufikiri.

Kisha nyoosha. Chora kwa chaki njia ya mita 15 yenye upana wa nusu mita na uipite polepole kadiri unavyoweza bila kushusha mguu. Jihesabie sekunde. Japani, mtahini humpitisha mwombaji wa leseni juu ya ubao wa urefu wa mita 15 na upana wa sentimita 30. Wa pikipiki za kati anatakiwa kutumia sekunde 7 au zaidi, wa pikipiki kubwa sekunde 10. Hicho ni kipimo kizuri cha kujilinganisha nacho. Macho yako yatazame mwisho wa njia. Ukitazama tairi la mbele, utayumba.

Duara ndilo zoezi lenye faida kuliko yote. Anza na kipenyo cha mita 8, kisha 7, kisha 6, ukizunguka kushoto na kulia kwa idadi sawa. Ilaze pikipiki upande wa ndani, mwili wako ubaki wima au uegemee nje kidogo: sogeza makalio upande wa nje wa kiti na ukandamize kikanyagio cha nje. Namna hii pikipiki inakata kona fupi zaidi bila wewe kuanguka nayo. Kichwa kigeuke kabisa, kidevu kikaribie bega, macho yatazame upande wa pili wa duara. Mwenzako asimame katikati akuambie kila kichwa kinaporudi mbele, kwa sababu wewe mwenyewe hutatambua.

Kila upande una taabu yake. Ukikunja kulia, mkono wa mafuta unasogea karibu na tumbo, kifundo kinajikunja, na ni rahisi kufungua mafuta bila kukusudia, shusha kiwiko. Ukikunja kushoto, mkono huohuo unanyooshwa mbele na unaweza kuuvuta mpini. Sogeza mwili mbele kwenye kiti.

Duara likitulia, mengine yanakuja haraka. Panga alama tano kwa umbali wa mita 4.5 na upite katikati yake kwa kupinda, kisha zisogeze hadi mita 3.5. Fanya namba nane kwa kuunganisha maduara mawili. Ugumu uko pale katikati, ambapo kichwa kinapaswa kugeuka kabla ya usukani. Geuza ndani ya nafasi tatu za gari. Mwisho, simama usukani ukiwa umekunjwa hadi mwisho na uondoke hivyohivyo, kama unavyotoka kati ya magari mawili yaliyoegeshwa.

Usiondoke bila kufanya kusimama. Nenda kilomita 30 kwa saa, nyoosha usukani, bana breki ya mbele kwa kuongeza nguvu hatua kwa hatua pamoja na ya nyuma, vuta klachi, simama kwa mguu wa kushoto.

Ikianza kwenda chini

Kosa linaloangusha zaidi kwenye kona finyu ni kuvuta klachi yote kwa hofu. Nguvu inakatika, na pikipiki iliyolala haina tena cha kuiinua. Ukihisi inazama ndani, achia klachi kidogo na uinue macho. Mvuto wa injini utaisimamisha. Ikishapita kiwango cha kuokolewa, iache. Usijaribu kuzuia kilo 150 kwa mguu mmoja. Ondoka kwa upande wa juu.

Kuiinua, zima kwanza swichi. Ikiwa imelalia kulia, toa stendi ya pembeni kabla ya kuanza, na weka gia namba moja ili tairi lisibingirike. Kunja usukani kuelekea upande wa chini, geuka uipe mgongo, kalio likiwa kwenye kiti, shika mpini kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mwingine, kisha sukuma kwa miguu kwa hatua fupi, mgongo umenyooka.

Ukiwa unageuza kwenye mita 7.5 pande zote mbili bila kufikiri, mpakize mtu anayekuamini. Mwambie atulie, atazame juu ya bega lako la upande wa kona. Upepo wa tairi la nyuma uongeze kama kitabu kinavyoagiza kwa abiria, na urudi kwenye duara la mita 8, kwa sababu uzito ulioongezeka nyuma unalifanya tairi la mbele liwe jepesi na usukani ujibu tofauti.